Mabati Tusiyoyanunua

Mnisamehe kwanza kwa mwandiko na kwa makosa ya herufi. Nilimaliza darasa la saba, sikuendelea, na sisi tuliokulia kwa Kisukuma ele na ere hutupotea hata tukiwa macho. Tena naandika polepole. Sentensi moja hunichukua muda ambao mwenzangu angesonga ugali, akala na kuosha chungu. Lakini hili nataka niliandike mwenyewe, kwa sababu wote waliokuwepo hulisimulia vingine, na katika masimulizi ya kila mmoja yeye ndiye aliyetoa ushauri sahihi.

Tulikuwa tunajenga nyumba Kamanga, ng'ambo ya Mwanza mjini. Nikisema tulikuwa tunajenga nina maana ya mama, mimi na fundi mmoja. Baba alikuwa amefariki akatuachia kiwanja na ng'ombe wachache. Mama aliuza ng'ombe wale, akasema watoto hawawezi kulala ndani ya ng'ombe. Matofali tuliyafyatua wenyewe kwa udongo wa kichuguu, maji tukichota ziwani kwa ndoo. Hatukuyachoma. Kuchoma kunataka kuni, na kuni zote za upande ule zilikuwa zinakwenda kwenye moto wa kukaushia sangara. Kwa hiyo yalikuwa matofali mabichi, na ukuta wa matofali mabichi unaweza kusimama kiangazi kizima bila wasiwasi, ila mvua ndiyo mwisho wake. Kila mtu kwetu anajua kwamba ukiusimamisha lazima uufunike kabla ya vuli.

Kuta zilikuwa zimesimama. Fundi alikuwa ameshapaua, mbao zimekaa juu kama mbavu. Kilichobaki ni bati tu, na fedha ya bati ilikuwepo. Nalisema hili mapema kwa sababu watu wakisikia nyumba ya mjane imeanguka hudhani alikosa fedha.

Wakati huo tulikuwa tumepanga chumba kimoja karibu na gati la kivuko, mama, mimi na wadogo zangu. Mwenye nyumba hakuwa mtu mbaya. Lakini biashara ya sangara ilikuwa imepamba moto, mawakala wa viwanda vya samaki walikuwa wanatafuta vyumba kila mwalo wa wavuvi, na walilipa kuliko muuza dagaa kama mama. Alimwambia mama kwa upole kwamba mvua zikianza atakihitaji chumba chake. Mama akamjibu kwa upole vilevile kwamba mvua zikianza tutakuwa kwetu.

Mama alikuwa ameshanunua bati mara moja maishani mwake, pamoja na baba, kwa ajili ya jiko la bibi. Enzi hizo uliandikiwa kibali, ukapanga foleni kwenye duka la ushirika, na zamu yako ikifika ulipewa bati. Hakuna aliyekuuliza unataka bati gani. Mara nyingi hayakuwepo kabisa na watu walilalamika sana. Sisemi zamani ilikuwa nzuri, hata mama hasemi hivyo. Anasema tu kwamba siku hizo ulirudi na bati au ulirudi bila bati, na yote mawili uliyaelewa.

Kiangazi kilipokuwa kinaelekea ukingoni tulivuka kwenda mjini. Barabara ile ya maduka ya vifaa vya ujenzi sikuwahi kuiona ikiwa vile. Bati zilikuwa zimeegemezwa ukutani nje ya kila duka, nyingine za India, nyingine za Kenya, nyingine za Afrika Kusini, nyingine zimetoka Dar. Zilikuwepo za mawimbi makubwa na za mawimbi madogo, nyeupe, nyekundu na za bluu. Pikapu ilikuwa inapita taratibu na kipaza sauti juu yake, mtu ndani anasema bati zao hazijui kutu, na kabla hajafika mbali ikatokea nyingine ikisema zao ndizo zisizojua kutu. Mama alinishika mkono kama vile mimi ndiye nitakayepotea.

Mama yangu ni mtu wa vyungu. Bibi yake alikuwa mfinyanzi. Sokoni hanunui chungu mpaka akiweke kwenye kiganja, akigonge kwa kifundo cha kidole na kukisikiliza, kwa sababu chungu chenye ufa usioonekana hutoa sauti iliyokufa. Sijawahi kumwona akikosea. Basi tulipoingia duka la kwanza alifanya kile anachokijua. Aliinamisha kichwa akaanza kugonga bati moja baada ya jingine, akisikiliza.

Muuzaji alikuwa kijana wa shati safi. Alimtazama kidogo, kisha akawakonyeza wateja wengine.

"Shikamoo mama. Hiyo siyo ngoma."

Watu wakacheka. Mama akaitikia marahaba, akaendelea kugonga, lakini polepole zaidi.

"Siku hizi bati halisikilizwi, mama yangu," kijana akasema. "Linasomwa."

Akamwonyesha maandishi yaliyopigwa muhuri pembeni. Mama akanigeukia mimi, msomi wake. Nikasoma. Palikuwa na namba, na herufi za Kiingereza, na namba tena. Nikamnong'oneza kwamba zimeandikwa namba tu. Kijana akaanza kueleza, na alieleza vizuri, sitamdhulumu. Alisema hii ni geji fulani, yaani kipimo cha unene, ile geji fulani, hii imepakwa kinga mara mbili, ile mara moja lakini nzito, hii ina dhamana ya miaka mingi ila lazima utumie misumari yao, ile haina dhamana ila haihitaji dhamana. Mama akauliza lipi zuri. Kijana akatoa mengine kutoka ndani na kueleza hayo pia. Tulitoka hatujanunua, tumepewa kalenda.

Tangu siku ile mama hakugonga bati tena. Kile kicheko kilimwingia. Alijiona mtu wa porini aliyekuja kupiga ngoma dukani, akaona kwamba kama masikio yake hayafai kwa kazi hii, basi atumie vichwa vya wenzake. Akaanza kuuliza.

Hapo ndipo shida ilipoanzia. Mama alilelewa kwamba mtu mzima akikupa shauri, unalipokea, unashukuru, na hufanyi kinyume chake huku anakutazama. Hasa ukiwa mjane na anayekushauri ni ndugu wa marehemu. Kwa mtu mmoja hilo halina tabu. Wakishakuwa wawili na kila mmoja ana lake, huwezi kununua chochote bila kumvunjia mmoja heshima. Na wao hawakuwa wawili.

Baba mkubwa, yaani kaka yake baba, alivuka kutoka Buzuruga na gazeti kwapani. Alikuwa mpenzi wa redio, na siku hizo redio na magazeti vilikuwa vimeongezeka, kila kimoja na matangazo yake. Mjomba, kaka yake mama, alikuja kutoka Usagara kwa baiskeli mpaka mjini kisha akapanda kivuko. Fundi alikuwepo. Walikaa nje ya chumba chetu cha kupanga, mama akawapikia sato, nami nikawa mlangoni nachambua dagaa. Hakuna aliyeniuliza kitu na sikutegemea kuulizwa.

Baba mkubwa alianza. Alimwambia mama asikimbilie, kwamba sasa ni soko huria, muuzaji ndiye anayekubembeleza wewe. Yeye alikuwa amesikia bati za Afrika Kusini ni kiboko, na gazeti limesema hivyo hivyo. Mjomba akakohoa.

"Mimi nasema alumini," akasema. "Alumini haishiki kutu mpaka unazikwa."

"Na huu upepo wa ziwa?" fundi akauliza. "Asubuhi utalikuta Mwanza mjini, mzee. Litapanda kivuko bila nauli."

Wakacheka wote, hata mjomba. Baba mkubwa akamwambia fundi kwamba yeye anataka bati nene kwa sababu misumari ya bati nene anaiuza mwenyewe.

"Na zako ziko redioni," fundi akajibu. "Hizo haziwezi kuvuja."

Mama alisubiri wamalize kucheka, akauliza lile lililokuwa linamsumbua. Yeye alikuwa amependa bati moja lenye namba thelathini na mbili, kwa sababu aliona namba yake ni kubwa kuliko thelathini. Fundi akatikisa kichwa. Akasema ni kinyume, namba ikipanda bati linakuwa jembamba. Mama akamtazama kama mtu aliyeambiwa kwamba mbuzi mkubwa ndiye mwepesi.

"Nani aliamua hivyo?" akauliza.

Fundi akasema ndivyo ilivyo. Baba mkubwa akasema basi hilo ndilo funzo, mtu usiende dukani hujafanya uchunguzi. Wakala sato, wakakubaliana kwamba mama aulize zaidi, wakaondoka wameridhika. Naikumbuka sana ile namna walivyoridhika. Waliagana kama watu waliofanya kazi.

Na mama akauliza zaidi, kwa kuwa aliahidi. Kwenye mwamba tunapoanikia dagaa wanawake wote wakawa na neno. Mmoja alisema bati jekundu linaleta joto, watoto wanaumwa kichwa. Mwingine alisema nyeupe ndiyo inayoleta joto, nyekundu inapoza. Wa tatu alikuwa na shemeji aliyenunua bati za bei kubwa, zikatoboka kabla mtoto wake hajaacha kunyonya. Jirani yake akasema hizo zilikuwa feki, siku hizi hata muhuri wanapiga. Jioni mama alikuwa ananisimulia yote huku anapepeta dagaa, na nilisikia anachanganya, neno la huyu anampa yule, kisha anarudi nyuma kulirekebisha. Ukutani mwa kile chumba cha watu tulikuwa na kalenda za maduka matatu.

Safari ya pili nilidhani tumefika. Mama alikuwa ameamua bati nyeupe, geji ya fundi, iwe imetoka nchi ya baba mkubwa. Alikuwa amefanya hesabu ya watu, si ya bati. Kila mzee awe na kipande chake, ila mjomba ambaye angemwomba radhi. Tukazipata. Mama akawa ameshaanza kufungua fundo la kanga lenye fedha. Hapo pembeni palikuwa na mteja mwingine, mwanaume mwenye funguo za gari mkononi, hatumjui hatujui anakotoka. Alilitazama bati letu.

"Hilo?" akasema. "Sawa. Kama ni banda la kuku."

Akaendelea na mambo yake. Sidhani kama alikumbuka hata akitoka mlangoni. Mama akalifunga tena lile fundo. Muuzaji akajitahidi, akaleta jingine, akaleta na karatasi zenye picha za nyumba, akaeleza kwa nini yule bwana amekosea na wapi hajakosea. Kadiri alivyoeleza ndivyo mama alivyorudi nyuma, mpaka tukajikuta barabarani. Kwenye kivuko alilishika lile fundo kwa mikono miwili, akitazama maji. Mimi ni mtu wa kunyamaza, lakini siku ile hata mimi nilitamani mtu aongee.

Fundi akaanza kuja kila mara kututazama. Hakuja tena na ushauri wa geji, alikuja kutazama mawingu. Alimwambia mama anunue lolote, hata la karatasi. Mama akamuuliza mbona mwanzo hakumwambia anunue lolote. Fundi akajikuna shingo. Tungeweza kuezeka kwa nyasi, lakini mbao zilikuwa zimepauliwa kwa ajili ya bati, zimeachana mno, nyasi zingedondokea ndani. Tukapanga nyasi juu ya kuta tu na kuzikandamiza kwa mawe.

Mara ya mwisho tulivuka mapema na kuzunguka duka baada ya duka. Mama hakuuliza tena, alikuwa anasimama tu mbele ya bati kama mtu anayesubiri zimwite. Wauzaji walikuwa wameshatufahamu. Mmoja alituita "wale wa uchunguzi". Mchana tukaenda kukaa kwenye mawe karibu na gati. Mama alikaa muda, miguu ameinyoosha. Kisha akainuka ghafla, akamfuata mmachinga aliyekuwa anapita na vyombo begani, akanunua chupa ya chai yenye maua mekundu. Hakuuliza imetoka wapi. Hakubishana sana bei. Sikuwahi kumwona akinunua kitu kwa haraka namna ile.

"Mama, na bati?" nikamuuliza.

"Hii hakuna mtu aliyenishauri," akasema.

Akaipakata mpaka Kamanga. Uso wake ulikuwa umetulia kuliko siku zote za miezi ile, na mimi nilikasirika mpaka macho yakaniuma, na sikujua nimkasirikie nani.

Mvua ya kwanza ilikuja asubuhi, kutoka ziwani, kama zinavyokuja kwetu. Upepo ulitangulia, ukazichukua nyasi. Tulikimbia na magunia na turubai tuliloazima kwa wavuvi, lakini turubai moja halifuniki nyumba. Watu hudhani ukuta wa matofali mabichi huanguka kwa kishindo. Hulainika kwanza kule chini, unakaa kama mtu aliyechoka, halafu sehemu ya juu inafuata. Ule wa upande wa ziwa ndio uliotangulia. Ukavuta kona, na mbao alizopaua fundi zikajipinda na kulala upande mmoja. Mama alisimama na gunia kichwani akitazama kichuguu kinarudi kuwa kichuguu. Wadogo zangu walikuwa wanalia. Yeye hakulia. Alisema tu kwamba tukaondoe mbao kabla hazijaibwa.

Mwenye nyumba alikuja kutoa pole, akatuongezea muda kidogo, na kisha wakala wa samaki akaleta godoro lake. Tukahamia Usagara, jikoni kwa mjomba. Ni jiko kweli, asubuhi tunatoa mikeka ndipo mke wa mjomba anakoka moto. Usagara hakuna ziwa. Mama, aliyeanika dagaa tangu anaolewa, sasa anauza nyanya pale njia panda, wateja wake wanapita ndani ya mabasi. Fedha ya bati tuliila. Haikuliwa kwa anasa. Ililiwa na unga, na sare za shule za wadogo zangu, na homa ya mmoja wao, mpaka ikaisha bila siku yoyote ya kuisha.

Waliotushauri walikuja wote kutoa pole, na ninawashukuru kwa nauli zao. Mjomba alisema ingekuwa alumini tungekuwa tumeshaezeka siku nyingi kwa sababu ni nyepesi kubeba. Wanawake wa mwambani walituma salamu kwamba heri hatukununua zile nyekundu. Baba mkubwa alikuja wa mwisho. Alikaa kwenye kigoda pale nje ya jiko, akamwambia mama asife moyo, kwamba mwakani ushindani utaongezeka na bei za bati zitashuka, na sasa kuna aina mpya ambayo ameisikia.

Mama alimwacha amalize. Alikuwa anapanga nyanya, nzuri juu, zilizobonyea chini.

"Shemeji," akasema, "nyumba imeshaanguka. Hakuna tena wa kukulaumu. Sasa niambie tu, katika zile zote, bati lipi lilikuwa zuri?"

Baba mkubwa akafikiri. Alifikiri kweli, nilimwona, si mtu wa mzaha.

"Yote yalikuwa mazuri, shemeji," akasema. "Inategemea tu mtumiaji."

Mama akarudi kwenye nyanya zake. Mimi niliingia ndani nikakaa kwenye majivu, na ninadhani ndipo nilipoanza kuyaandika haya kichwani.

Watu wanasema mama yangu hawezi kuamua. Mke wa mjomba analisema huku anageuza mboga, tukiwa tunasikia. Lakini mimi namjua mama. Aliamua kuuza ng'ombe bila kumuuliza mtu. Aliamua nyumba iwe na vyumba vingapi na mlango utazame wapi. Alijua kuamua mpaka siku ile alipochekwa kwa kugonga bati, na baada ya hapo kila mmoja wao alimwekea neno moja mgongoni na kwenda zake. Wao walienda kulala ndani ya nyumba zao zenye bati. Siku moja nilitazama juu nikiwa Buzuruga kwa baba mkubwa, nimetumwa. Bati lake ni la zamani, la foleni, limeshika kutu na halivuji.

Ninyi mnaosoma haya, naomba mniandikie. Msiniandikie bati lipi ni zuri, nawaomba sana, hilo tumeshaambiwa. Nataka kusikia kutoka kwa mtu mmoja aliyewahi kusimama dukani kati ya vitu vingi na maneno mengi, akachagua kimoja, akalipa, akaenda nacho nyumbani na akalala usingizi. Aniambie alifanyaje. Aandike kwa maneno rahisi na herufi kubwa kubwa, kwa sababu barua hiyo nitamsomea mama. Mbao zetu bado zipo, zimeegemezwa nyuma ya jiko, na mchwa wameanza kuziona.